Wageni wa Muhogo

Pale Tiwi, njia ya vumbi inapoiacha lami na kuteremkia pwani, pana benchi refu lililotoka kwenye hoteli moja ya Diani. Hoteli yenyewe ilifunga milango mwaka ule wa fujo, wazungu walipopanda ndege wasigeuke nyuma. Zamani lilikaliwa na watu waliotoka kuogelea. Sasa hukaliwa na watu waliotoka kazini wasirudi. Kila alasiri, swala ikishaswaliwa, Amin hulitua dele lake la kahawa juu ya makaa, na kando yake Mbinya huliteleka karai, akakaanga muhogo na kuuza kwa ndimu na pilipili. Hapo ndipo dunia husemwa, na mvua ya Elnino ilipokuja ikazivunja barabara, hapo ndipo ilipotukanwa.

Siku hiyo, Alhamisi, mikono ya Mbinya haikutulia. Kila gari likinguruma kwenye lami, huinua shingo. Likipita, huishusha, akageuza vipande vilivyokwisha kugeuzwa.

— Mama Mbinya, utaukondesha huo muhogo kwa kuugeuzageuza, alisema Amin.

— Ulikuja umekonda, ndugu yangu.

Alisema kwa kicheko, lakini kicheko hakikufika machoni. Beseni la muhogo lililokuwa miguuni pake ndilo lililobaki la shamba zima. Jana yake wanaume wa benchi hili waliingia shambani mwake na majembe, wakaing'oa mihogo yote, shina kwa shina, wakairundika na kuitia moto. Naye aliwaruhusu. Tena aliwapikia uji.

Mambo yalianza na bwana shamba. Alimwachia chifu ujumbe kwamba kampuni ya bayoteknolojia, hawa wanaolea miche ndani ya chupa, inatafuta mahali wilayani Kwale pa kujenga maabara na kitalu. Wangetazama Matuga, wangetazama Msambweni, na Alhamisi wangekuja Tiwi kuangalia muhogo wa Matano, jirani yake Mbinya. Muhogo wa Matano ulikuwa umesimama kijani kibichi, majani mapana kama viganja. Wa Mbinya, ng'ambo ya kijia cha kupita mtu mmoja, ulikuwa mgonjwa: majani ya manjano, yamejikunja kama mkono wa mtu anayeficha kitu. Mizizi yake myembamba, lakini kila siku ilijaza karai, na karai lililisha watoto wanne tangu Masila, mumewe, aachishwe kazi hotelini.

— Mgeni haonyeshwi kitanda cha mgonjwa, Matano alimwambia. Kampuni ikishuka hapa, Masila ndiye bawabu wa kwanza, na wewe ndiye wa kwanza kupewa miche.

Mbinya alimkumbuka mama mkwe wake, Mungu amrehemu, aliyekuwa akisema shamba baya ni la jirani, lako ni lako tu. Akamkumbuka, akamnyamazisha, akakubali.

Sasa Matano alikuwa ameketi katikati ya benchi, kanzu imepigwa pasi. Watu humwita Redio, kwa sababu habari ikisomwa Nairobi saa saba, saa nane yeye anaisoma upya na nyongeza.

— Hawa si watu wa mchezo, alisema. Huko Uskoti wamemzaa kondoo bila dume. Nimesikia kwa masikio yangu.

— Bila dume? Amin alishika kikombe hewani. Astaghfirullah! Na huyo jike alikubali?

— Hakuulizwa.

— Ee, ndivyo ilivyo hata hapa, Mbinya alisema, na benchi likacheka.

Fondo alikohoa. Huyu alikuwa mhudumu wa mezani Diani miaka kumi na miwili, na mpaka leo havai ila suruali nyeusi na shati jeupe. Basi akaitwa Meneja.

— Mimi niliwahi kumhudumia mmoja wao, alisema. Meza nambari saba. Aliniambia kwa siri kwamba watatoa mnazi mfupi, unaangua dafu umekaa kitako.

— Na wakwezi watakula nini?

— Watauza kamba zao, Amin, dunia inakwenda mbele!

— Wacha mnazi, Redio alidakia. Muhogo wangu watautia damu ya papa. Mmeshaona papa akiugua? Basi nao hautaugua. Utauchemsha bila chumvi, chumvi imo ndani.

— Papa na muhogo! Mbona mchuzi huo tunao siku zote? alisema Mbinya.

— Wewe wacheka, Redio alisema. Watachukua unywele mmoja wa Meneja watengeneze Meneja wa pili.

— Yarabi, mmoja tu hatujammaliza kumsikiliza! alisema Amin.

Karisa alikuwa hajasema. Ndiye anayeamua mabishano, kwa hiyo wanamwita Jaji, na hukumu zake zote ni methali, ingawa methali zenyewe huzishika mkia.

— Wahenga walisema mficha uchi hazai, alitamka polepole. Sisi tumeuficha ugonjwa. Basi ugonjwa hautazaa.

Walitikisa vichwa. Ilisikika kama hekima.

— Lakini Jaji, Mbinya aliuliza, macho kwenye lami, na wasipokuja je?

— Haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana tuliing'oa kwa siku moja.

— Sikuuliza hilo, baba. Nauliza wasipokuja. Leo nakaanga vya mwisho. Mbegu nazo mlizichoma, sina hata kipande cha kuchomeka ardhini.

— Mbegu ya ugonjwa ya nini? Redio alimjibu. Utapewa ya kwenye chupa.

— Lini?

— Wakija.

— Na wakienda Matuga?

Hapo sauti zilishuka. Matuga kuna ofisi za serikali, watu wake wanajua kuandika barua. Msambweni kuna hospitali kubwa, na mtu wa maabara hupenda kukaa karibu na daktari. Tiwi ina nini? Meneja alisema ina ukarimu. Amin alisema ukarimu haujengewi ukuta. Redio akasema yeye amesikia watu wa Msambweni wameipaka miti yao chokaa mpaka kiunoni. Meneja akaruka: nasi tupake! Jaji akasema chokaa iko wapi saa hizi. Wakaanza kulaumiana ni nani aliyesahau kulifagia kaburi lililo kando ya njia, na ni nani aliyeacha mbuzi afungwe kwenye kibao cha shule.

Katikati ya mzozo huo alikuja msichana kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, marahaba. Pita upande huu, mwanangu, Redio alimwambia bila kumtazama. Usikae katikati ya benchi, tunangoja wageni wakubwa.

Msichana alikaa pembeni. Amin alimpa kikombe, Mbinya akampa vipande vitatu kwenye karatasi. Alikula akanyonya vidole, akauliza wageni wenyewe ni akina nani.

— Watu wa kampuni ya kisayansi! Meneja alisimama. Magari matatu, pengine manne. Wanakuja kuuona muhogo wa mzee huyu. Tiwi nzima, bibie, hujaona muhogo mzima kama wa hapa.

— Gari letu limekwama kwenye daraja lililobomoka, msichana alisema. Dereva amebaki nalo. Mimi naitwa Nzisa. Ni wa kampuni hiyo.

Benchi lote lilisimama. Redio alilipangusa kwa upindo wa kanzu pale pale katikati, mahali alipomkataza. Mbinya aliinuka kutoka kwenye karai. Wamekuja. Ee Mungu, wamekuja.

Wakampeleka shambani, si mbali, huonekana kutoka benchini. Mbinya aliacha karai, akafuata nyuma akijifuta mikono kwenye leso. Nzisa aliyageuza majani ya muhogo wa Matano, akatazama chini yake, akaonyesha wadudu weupe wadogo kama unga. Akatabasamu.

— Vizuri sana. Wadudu hawa ndio wanaobeba ugonjwa. Na mihogo migonjwa iko wapi?

— Migonjwa? Redio alishtuka. Hapa hatuna ugonjwa!

— Hatujapata kuwa nao, Meneja aliongeza. Tangu mababu.

— Samaki mmoja akioza, Jaji alianza, kisha akasahau samaki wenyewe ni nani.

Nzisa alitoa karatasi mkobani, akaisoma mara ya pili.

— Bwana shamba aliandika kwamba hapa mzima na mgonjwa husimama bega kwa bega. Ndilo lililotutoa Nairobi. Muhogo mzima peke yake hautuambii kitu, wazee. Labda ugonjwa haujaufikia tu. Tunataka kuuona pamoja na mgonjwa, wadudu wale wale, mchanga ule ule, nao usiugue. Hapo tunajua una nguvu yake. Hapo ndipo tunapojenga.

Redio alitazama kanzu yake. Mbinya alitazama midomo ya wanaume watatu, akaona inavyojiandaa kusema uwongo wa pili, mkubwa zaidi ili kuufunika wa kwanza.

— Basi labda tulielekezwa vibaya, Nzisa alisema, akianza kuikunja karatasi. Matuga wanasema wanayo yote mawili. Nisameheni kwa usumbufu. Nawe ahsante kwa muhogo, mwaitu.

Mwaitu. Mama, kwa lugha ya kwao, Kikamba. Miaka mingapi Mbinya hajaitwa hivyo na mtu asiye mwanawe? Kumsema Redio mbele ya mgeni ni kumvua nguo, na kesho ni huyo huyo atakayemwazima jembe. Kunyamaza nako ni kuitazama karatasi ile ikikunjwa na watoto wake wanne ndani yake. Aliufunga vizuri upindo wa leso, akavuka kijia.

— Ilikuwa yangu, mwanangu. Hapa penye majivu. Shamba zima.

Nzisa alimfuata. Aliinama akachukua kipande cha shina kilichoungua nusu, akakipeleka puani, akakivunja. Ndani kikavu, cheusi.

— Ilichomwa lini?

— Jana.

— Jana! Alisimama wima. Aliwatazama mmoja mmoja: Redio, Meneja, Jaji, na Amin aliyekuwa amelifuata kundi na dele lake tupu mkononi. Hakukuwa na hasira usoni pake. Alitaka kuelewa tu, kwani ilimpasa kuandika.

— Kwa nini mliing'oa?

Jibu lilikuwa moja, nalo lilikuwa fupi. Lilisimama kwenye ulimi wa kila mtu pale. Kwa ajili yako, mwanangu. Lakini nani angemwambia mgeni neno kama hilo, siku yake ya kwanza, na kahawa yetu bado i mdomoni mwake? Redio alimtazama Jaji. Jaji, mwenye methali kwa kila jambo, alitazama chini. Mbinya alisimama juu ya majivu ya shamba lake, mikono ameifumbata, akingoja naye amsikie atakayejibu, na kalamu ya msichana ilikuwa imeshagusa karatasi.