Kibanio cha Ukurasa wa Kumi na Tisa

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, muuza vitabu vya watoto alikuwa akimlalamikia mama aliyekaa naye. "Dada, kuna binti wa miaka saba, hanunui kitu. Kila akitoka shule anasoma ukurasa mmoja kwa kusimama, anabana kibanio cha nywele pale alipofika, halafu anakificha kitabu nyuma ya kamusi. Nikamuuliza, utanunua lini? Akanijibu, 'Shangazi, nikimaliza nitakuambia kama kinafaa.'"

"Si umwache asome!"

"Leo nimekiuza. Babu mmoja kasema ni cha mjukuu wake."

"Pamoja na kibanio? Kesho mtoto utamwambia nini?"

"Kwani mimi maktaba?"

"Wewe huna roho."

"Roho ninayo, dada. Duka ndilo si langu."

Nikaishusha kofia. Mjukuu sina, najifunza kusoma madarasa ya jioni, na uongo ule nilishautubu kituo cha kwanza.

Basi likasimama, wakashuka wakibishana. Nikafungua kitabu. Kibanio kilikuwa ukurasa wa kumi na tisa, mimi nilikuwa wa tatu. Nikaomba, "Bwana, nipe macho mepesi, nikirudishe kesho kabla watoto hawajatoka shule."