Mwalimu Vitofali na Nafasi Tupu ya Ijumaa

Jina lake la kwenye cheti wengi wenu hamkuwahi kulisikia, naye hakulidai. Kwa watoto aliowafundisha, na kwa wazazi wao, alikuwa Mwalimu Vitofali. Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi viatu na mkewe mshonaji.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965. Hesabu alifundishwa kwa fimbo: aliyehesabia vidole alichapwa vidole hivyo hivyo. Binti wa fundi viatu akazoea kuhesabia vidole vya miguu, vikiwa vimejificha ndani ya viatu alivyoshonewa na baba yake. Alimaliza sekondari mwaka 1969 na chuo cha ualimu mwaka 1971. Alipokabidhiwa darasa la kwanza, Januari 1972, aliwaambia watoto wahesabie chochote walicho nacho, maana Mungu hakuwapa vidole kumi vya kuvalia pete tu.

Darasa hilo la kwanza hakuliacha mpaka alipostaafu Desemba 2010, na kila alipotakiwa kuhamia madarasa ya juu alijibu kwamba huko juu kuna baridi. Watoto wake walihesabu vitofali vya mbao, wakavipanga kuwa minara: huu wa wanaokuja shule kwa miguu, ule wa wanaoletwa kwa baiskeli. Kisha waliichora minara ile ubaoni, ikawa grafu. Grafu ya kwanza ya kila mwaka ilikuwa ya machozi. Aliyelia asubuhi kwa kumtaka mama yake aliweka kitofali kwenye siku hiyo, na Jumatatu mnara uliyumba kwa urefu. Mwaka mmoja Ijumaa ilipita bila kilio, na kiranja wa darasa akataka kuifuta ubaoni kwa kuwa haina kitu. Mwalimu akamshika mkono.

"Iache," alimwambia. "Patupu napo panasomwa. Panasema leo hakuna aliyelia."

Vitofali ndivyo vilivyomletea mume. Seremala wa jirani na shule alivikata kwa kukadiria kwa macho, na siku ya kwanza darasani mnara wa vitofali sita ukawa mrefu kuliko wa saba. Mwalimu alivirudisha vyote ndani ya gunia, akaijenga minara ile juu ya meza ya fundi mbele ya wateja, akamwomba kwa upole amwonyeshe mshindi ni yupi. Fundi alikata upya, akapiga msasa, akavipeleka shuleni mwenyewe akiwa amevaa shati la sikukuu. Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Mpaka leo fundi husema kazi mbovu ndiyo iliyompa mke mwema.

Mei 2022 madaktari waligundua saratani ya mifupa. Kusema kweli, kilichoitesa familia zaidi ni adabu yake. Alilelewa kwamba mtu akiulizwa hali, hujibu sijambo, yakaisha. Muuguzi aliyekuja nyumbani alipomwuliza maumivu yamefika ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi, Marehemu aliachia ncha ya shuka aliyokuwa ameiuma, akajibu kuwa hajambo, na watoto wa muuguzi je? Muuguzi akaandika alichoambiwa, na dawa ikabaki ile ile ndogo. Wote nyumbani waliogopa jambo moja, kwamba angekufa akiumia huku akiwasalimia.

Januari 2024 mumewe alichoka. Alilishusha gunia la vitofali, ambalo shule ilimzawadia Marehemu alipostaafu, akalifungua kitandani.

"Mke wangu, mdomo wako una adabu mno," alisema. "Mkono na useme."

Marehemu akajenga mnara wa vitofali tisa. Binti mkubwa alitoka nje. Muuguzi alimpigia daktari simu siku ile ile, dawa ikabadilishwa, na tangu hapo kila asubuhi mnara wa siku uliwekwa dirishani, kando ya ule wa jana. Minara ikaanza kufupika. Mgonjwa akalala usingizi, akaomba uji, akarudia kumkosoa mumewe kuhusu mashati. Alhamisi ya mwisho aliweka kitofali kimoja tu, na akamtania muuguzi kwamba hicho ni cha sindano yake. Ijumaa, tarehe 2 Februari 2024, mumewe alipomsogezea gunia, alitikisa kichwa.

"Leo iache," alisema.

Alifariki mchana huo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa fundi. Familia ililia, lakini kwanza ilishusha pumzi.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe, wajukuu sita, kaka mmoja, na watu wazima wengi ambao bado wanahesabia vidole bila aibu. Vitofali vingali dirishani. Baada ya Alhamisi kuna nafasi tupu, na fundi amekataa pasiwekwe hata chombo cha maua. Kila aliyesoma kwa Mwalimu Vitofali akiingia chumbani humo anaisoma bila kuambiwa.

Katika amani hiyo, Mwalimu, pumzika.