Kigongo Ndani ya Moyo wa Luul

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum, na habari zenu nyote. Leo tunamkumbuka Luul Khadar wa mtaa wa Wabera, mama mwenye malori ya mizigo, aliyefariki wiki jana kwa nimonia. Luul Khadar, miaka sabini na mmoja.

Miaka tisa iliyopita, Luul alianguka akisimamia upakiaji wa unga. Kwenye kliniki moja akapigwa picha ya moyo, akaambiwa ana uvimbe ndani yake. Huenda ni kansa. Apasuliwe haraka.

Luul hakulia. Kesho yake alimketisha bintiye Hoda kwenye usukani wa lori, wakashika barabara ya Kulamawe.

"Alinigombeza kila kona," Hoda anakumbuka. "Nikikosea breki, ananiambia, 'Mimi nikiwa sipo, utamwuliza nani?' Nilikuwa naendesha huku machozi yananitoka."

Lakini kabla ya kupasuliwa, Luul alitaka aangaliwe tena.

"Kifua ni changu," alimwambia mumewe, Mohamedamin. "Hakifunguliwi kwa picha moja."

Wakaenda Nairobi kwa daktari wa moyo, Sarah Nakal. Daktari alimpa Luul dawa ya usingizi, akapitisha kifaa chembamba cha kupiga picha kooni mwake, akautazama moyo kwa karibu, upande huu na upande ule, bila haraka. Luul alipozinduka, akaonyeshwa skrini.

"Mama, huu si uvimbe. Ni kigongo cha nyama kwenye ukuta wa moyo. Mimi ninacho, mzee hapa anacho. Chako kimetokeza zaidi tu, kikafanana na ugonjwa."

"Kwa hivyo nimezaliwa nacho?"

"Umezaliwa nacho. Kilichokuangusha ni upungufu wa damu, na huo una dawa."

Mohamedamin anasema aliyelia ni yeye. Luul aliuliza nyama ya kukaanga inauzwa wapi.

Huku nyumbani, Hoda alidhani kazi imeisha. Akamrudishia mama funguo za lori. Luul akazisukuma.

"Nani amekuambia nilikufundisha kwa sababu ya kufa tu? Kesho kuna mzigo. Amka mapema."

Leo Hoda ndiye anayeongoza malori yale.

Kwa Mzee Mohamedamin, kwa Hoda na jamaa wote wa Wabera, poleni sana. Mungu amrehemu mama yetu.

Na wewe unayenisikiliza, ukipewa habari nzito hospitalini, usikimbie matibabu. Lakini usione haya kuomba uangaliwe tena. Luul aliomba. Akaishi miaka tisa zaidi, kifua chake hakijaguswa na kisu.