Anga la Kijani na Kreti la Anwari

Kijiwe cha Bakoba, pembeni ya duka la mzee Kirit, kina benchi moja na kreti moja la soda. Benchi ni la watu wa kuaminika. Kreti ni la muongo, na aliyekalishwa pale hanyanyuki mpaka alete habari ambayo benchi zima litashindwa kuipinga. Anwari wa Kaagya, mtega senene, wale panzi wanaoliwa, alikuwa amelikalia tangu Ramadhani, siku aliyodai kwamba kiboko alimpisha njia na kumwinamishia kichwa. Jina la Chumvi likamganda. Makalio yalimuuma, na moyo ulimuuma zaidi, maana siku hizi hata akisema mvua inanyesha watu walitoa mkono nje kwanza. Asubuhi hii alikuja na simu yake ameishika kwa mikono miwili.

— Picha tatu, alisema. Usiku wa juzi, mwezi haupo, umeme umekatika mpaka mjini. Nimeiegemeza simu kwenye debe, nikaiacha itazame juu. Saa tatu, saa sita, saa tisa.

Simu ikazunguka. Saa tatu anga lilikuwa na wekundu wa mbali. Saa sita wekundu ulikuwa umefifia, kumeingia mistari ya kijani. Saa tisa kijani nacho kimepungua.

— Na kwa macho? aliuliza Riyadhi, anayeitwa Waziri kwa sababu hajawahi kukosa jibu.

— Kwa macho ni weupe tu, kama maji ya mchele. Unazidi, unapungua. Nauona miaka yote, ila ningemwambia nani?

— Taa za mji hizo, Chumvi.

— Umeme si ulikatika, Waziri? Wewe mwenyewe umelia jana kutwa kwamba nyama imekuharibikia.

Waziri akainamia kikombe chake. Mzee Kirit akachungulia kutoka dukani.

— Simu hiyo nilimuuzia mimi. Betri ikishuka, inatoa kijani.

— Basi mbona bati langu la mtego hapo pembeni limetoka jeupe, mzee?

Kirit akasogeza miwani, akatazama, akarudi ndani bila kuaga. Anwari akaanza kuona raha. Ndipo Rugambwa, mnunuzi wa senene, aliyekuwa amenuna tangu jana kwa kurudi na magunia matupu, akaweka kikombe chini.

— Waitu, ndugu zangu, mnahangaika bure. Hao ni senene.

— Senene?

— Kundi zima, juu kabisa! Wa kahawia wanatangulia saa tatu, ndio huo wekundu. Saa sita wanapita wa kijani. Saa tisa wamechoka, wengine wamelala.

— Wamelala wapi, huko juu?

— Mgongoni kwa wenzao. Wanabebana kwa zamu mpaka Mwanza!

Benchi zima likashangilia. Anwari alikaa kwenye kreti lake, roho inamuuma. Alikuwa amekesha usiku mzima kwa ajili ya picha zile, na sasa anashindwa na panzi wanaobebana.

Mama mmoja aliyekuwa akinywa kahawa huku anasubiri gari la Muleba akaomba aione simu. Jina lake Gaudiosa, mwalimu wa fizikia huko Kagoma.

— Ni hewa yenyewe inayong'aa, alisema. Ya juu sana. Mchana jua linaipiga, usiku inatoa ilichobakiza, polepole. Ndiyo maana mwanga wake haukai sawa usiku kucha.

— Hayo ya kitabuni, mwalimu, alisema Rugambwa. Hawa ni senene.

— Haya, ni senene. Asubuhi yake mlipata wangapi?

Usiku ule wenye jenereta waliwasha taa za kuwavutia senene mpaka alfajiri, wakaamka na mapipa ya mitego makavu. Hakuna nyumba iliyokaanga hata mmoja.

— Wangapi, jamani?

Waziri alianza kuhesabu kwa vidole, akabaki na ngumi. Rugambwa aliyatazama magunia yake. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akanyanyuka kwenye benchi.

Anwari naye akanyanyuka. Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Wakapishana katikati, Rugambwa akashukia kreti, Anwari akaketi kwenye benchi, akaegemeza mgongo ukutani na kunyoosha miguu kama mwenye nyumba.

— Mwalimu aongezewe kahawa, alisema. Sasa turudi kwa yule kiboko.