Mama Verediane na Wimbo Usiotafsiriwa

Jumapili hii, tarehe 29 Septemba 2024, Mama Verediane Nyirabagenzi anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kutafsiri filamu katika Ukumbi wa Umucyo, hapa Gisenyi. Kwa wageni wasioujua ukumbi wetu: filamu huonyeshwa kwa lugha yake, sauti ikiwa imepunguzwa, na Mama Verediane hukaa katika kibanda cha vioo nyuma ya viti, akisema kwa Kiswahili maneno ya kila mtu aliye kwenye skrini. Husema ya mzee, ya mtoto, ya jambazi na ya malaika. Hakukosa Jumapili hata moja, isipokuwa ile miezi ambayo kumbi zote zilifungwa kwa sababu ya korona.

Bwana Ndahiro, mkuu wa ukumbi, alinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimetoka shule juzi tu na, kwa maneno yake, "mwandiko yako bado iko ya mutihani." Naitwa Gwiza. Tangu mwezi wa nane nakaa kibandani kando ya Mama Verediane, nikishughulikia swichi ya kipaza sauti.

Kiti chake bado hakina mtu wa kukirithi. Bwana Ndahiro amesema wazi kwamba mrithi asipopatikana leo, kibanda kitafungwa, na tutaonyesha filamu zilizorekodiwa tafsiri mahali pengine na watu wasiotujua. Mama Verediane aliniomba mara tatu nijaribu. Mara zote tatu nilitikisa kichwa. Wanaonijua wanajua kwamba hata kuagiza chai hunitoa jasho.

Mama Verediane alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka, na kuja kuishi upande huu akiwa mtu mzima. Mwaka 2001 aliajiriwa kukata tiketi. Siku moja mfasiri hakufika, watu walikuwa wameshaketi, naye akaacha meza ya tiketi na kushika kipaza sauti. Ilikuwa filamu ya lugha asiyoijua hata neno moja. Akatunga yote: mume na mke waliokosana kwa sababu ya shamba. Watu walilia. Baadaye afisa mmoja wa forodha aliyeielewa lugha hiyo alimfuata mlangoni. "Mama, wale hawakuwa bwana na bibi. Ilikuwa polisi na mwizi." Naye akamjibu, "Bon, sasa wamepatana."

Januari 2002 volkano ilipolipuka na watu wa Goma wakavuka kuja kwetu, ukumbi ulipokea familia nyingi na umeme haukuwepo. Watoto walikuwa na hofu. Mama Verediane alisimama kibandani akawasimulia filamu nzima kwa kichwa, sauti zote, huku skrini ikiwa tupu. Wazee wa ukumbi husema watoto walitazama kile kitambaa cheupe hadi mwisho. Siku iliyofuata watatu kati yao, wa familia tofauti, walieleza rangi ya gauni la bibi harusi, na rangi ilikuwa moja. Mama Verediane hakuwa ametaja gauni.

Sauti yake inajulikana kuliko sura yake. Mwaka jana alishuka Nyamyumba kununua sambaza. Alipouliza tu kama samaki ni wa leo, muuzaji aliangusha kikombe cha kupimia. "We mama! Si ulikufa wiki iliyopita, ukaacha watoto wanne?" Ilibidi amweleze kwamba aliyekufa ni wa kwenye filamu. Muuzaji alimwongezea samaki, lakini hakumpa mkono.

Anayemjua anajua pia kwamba anapenda filamu za kuimba kuliko zote, na kwamba anaziogopa. Filamu za mizimu hazimtishi, kwa sababu mzimu unauona. "Lakini hizi za kuimba, we tazama muzuri," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Musichana iko peke yake jikoni, anaosha sahani. Anafungua kinywa, vinanda mia vinalia. Iko wapi, hivyo vinanda? Nani anapiga?" Kwa miaka mingi amechungulia pembe zote za skrini akimtafuta mpigaji.

Halafu kuna hatua za kucheza. Mtaa mzima wa watu wasiojuana unainua mguu uleule wa kushoto. Nani aliwafundisha? Anasema kama siku moja pale mpakani, Grande Barrière, wamama wote wenye mizigo ya nyanya na unga wangegeuka pamoja na kupiga hatua mbili kando, yeye angetupa mzigo wake na kukimbia bila kutazama nyuma. Na kinachomtisha zaidi ni kinachofuata wimbo: watu wanarudi kula supu yao, wala hakuna anayeuliza, "Jamani, tumepatwa na nini?"

Hawapendi waigizaji walioazimwa sauti ya kuimbia. Anasikia mahali sauti mbili zilipoungwa, na husema, "Humo ndani iko watu mbili." Hapendi pia wimbo unaorudia yaliyokwisha kusemwa. Kwake wimbo ni mzuri ukiwa ni mlango: ukiisha, uko upande wa pili na huwezi kurudi. Mimi sikubaliani naye katika yote. Napenda ngoma za watu wengi, hasa mavazi yakifanana. Lakini tangu anieleze, siwezi kuzitazama bila kuhesabu waliopo.

Kwa hiyo alikuwa na sheria moja: hatafsiri wimbo. Ukianza, anainua kidole, nami nazima kipaza sauti. Watu walilalamika kila wiki. "Mama, tafsiri basi!" Naye hujibu kupitia kioo, "Wimbo si yangu."

Katika Jumapili zote za mwezi huu wa kuaga, aliomba tuonyeshe filamu moja ileile ya zamani anayoipenda. Mama mmoja wa milimani anamtuma binti yake kuleta chumvi, ukungu unashuka, na binti harudi. Mwishoni mama anasimama mlangoni na kumwita kwa wimbo, mara tatu. Baada ya kila mwito vinanda vinapiga peke yao, kama nafasi aliyoachiwa mtu wa kuitika. Hakuna anayeitika. Filamu inaishia hapo.

Tarehe 1 Septemba, alasiri, mapazia ya madirisha yakiwa yamefungwa, wimbo huo ulipoanza aliinua kidole. Mimi nilikuwa nimezama katika ukungu wa skrini. Sikuzima.

Ndipo ukumbi ulipojua kwamba Mama Verediane huzitafsiri nyimbo zote. Huziimba kwa Kiswahili, chini sana, macho yamefumbwa, kipaza sauti kikiwa kimezimwa. "Mwanangu, rudi, taa bado inawaka." Kisha vinanda. Na kutoka kwenye spika, sauti nyembamba ya pili ikasema kwa wimbo, "Niko njiani, mama."

Mara tatu aliita, na mara tatu sauti ile iliitika. Watu walitazama dari. Nyiramana, anayeuza samaki na kukaa safu ya mbele kila wiki, alisimama na kitenge chake mkononi. "Mi naenda. Iko muzimu humu." Cedric wa projekta akamwambia, "Keti, Mama. Muzimu hailipi tiketi, wewe umelipa." Alicheka peke yake.

Filamu ilipoisha Mama Verediane alinigeukia. "Wewe ulisikia?" Nikasema ndiyo. Sikudanganya. Niliisikia kutoka kwenye spika kama kila mtu, nikaiogopa kama kila mtu. Naye akaniapia kwamba sauti ile iliyoitika haikuwa yake.

Katikati ya wiki nilikuwa nikiosha vyombo nyumbani, na mdogo wangu Belise akauliza ninamwitikia nani. Ndipo nilipotambua kwamba mdomo wangu ulikuwa ukiimba, "Niko njiani, mama."

Tarehe 8 ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Kwa mara ya kwanza Mama Verediane hakuinua kidole; aliacha kipaza sauti wazi kwa hiari yake. Mimi nilijiziba mdomo kwa kiganja. Akaita, na chini ya kiganja midomo yangu ilitikisika. Akaita tena, ikatikisika tena. Mwito wa tatu midomo yangu ilitulia kabisa. Katika spika hakuna aliyeitika hata mara moja. Mama Verediane alisubiri hadi vinanda vikaisha, kisha akasubiri zaidi ya vinanda, amekodolea macho skrini iliyokwisha kuzimika. "Imeenda," Nyiramana akasema. Jumapili mbili zilizofuata kidole kiliinuliwa kama zamani, nami nilizima. Sijawahi kumwona amechoka vile.

Bwana Ndahiro alitaka niandike mafanikio, nami nimejaribu. Lakini nimeona ni rahisi kuandika kuliko kusema, kwa hiyo naandika hapa ambapo wote mtasoma kabla taa hazijazimwa. Mama Verediane, sauti ile ilikuwa yangu. Uliuliza nani huwafundisha watu hatua ambazo hawakujifunza. Nafikiri wamekaa tu muda mrefu karibu na mtu anayeimba. Jumapili ijayo kiti chako nitakikalia mimi, na Bwana Ndahiro asihangaike tena na filamu za kurekodi.

Ukumbi mzima unakushukuru kwa kila mtu uliyempa kinywa katika miaka hii ishirini na mitatu. Pumzika vizuri, ule sambaza wa moto, usikie nyimbo ambazo hulazimiki kuzinyamazia, na afya yako iwe imara kuliko mashine zetu.

Lakini kabla hujaondoka, leo saa tisa tutaonyesha filamu ile mara ya mwisho, na swichi sitaigusa. Ita, mama. Mwito wa kwanza nitauitikia, na wa pili nitauitikia. Mdomo wangu unakumbuka kuitika mara mbili tu. Sauti iliyoitika mara ya tatu ile tarehe 1 haikuwa yangu, na wewe umeniapia kwamba haikuwa yako. Ukifika hapo, tunyamaze sote tusikilize.