Kirusi cha Nyumbani kwa Seremala

Benchi lililo mbele ya duka la kinyozi alilichonga Seremala mwenyewe, enzi mikono yake haijaanza kutetemeka, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwambia asogee. Jioni ile alikuwa ameketi katikati, kofia juu ya goti. Kulia kwake alikaa Kinyozi, taulo begani, mteja hana. Kushoto alikaa Profesa, ambaye jina hilo alilipata kwa kusoma kila gazeti lililofungiwa nyama na kulieleza upya kwa makosa. Mama Kahawa alikuwa akipuliza jiko lake. Na mbele yao, begi la vifaa begani, amesimama kama mshtakiwa, alikuwa fundi wa kompyuta, mdogo wa marehemu mke wa Seremala. Hakukaribishwa kukaa. Hakumiminiwa kahawa.

— Shikamoo, shemeji.

— Shikamoo yako kaa nayo kwanza. Nijibu mbele ya watu hawa. Ile mashine umeitengeneza mara ngapi?

— Tatu.

— Na kirusi kimerudi mara ngapi?

— Tatu, shemeji.

— Mmesikia wenyewe, alisema Seremala.

Alisema polepole. Siku zote alikuwa mtu wa maneno ya polepole, lakini waliomzoea walijua kwamba kadiri alivyopunguza mwendo ndivyo alivyozidi kuchemka.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mke wake, imewekwa sebuleni juu ya meza aliyomtengenezea. Kila alfajiri, miaka yake yote ya mwisho, mama yule alikaa mbele yake akasoma sala kwa sauti, akairekodi, akamtumia binti yao aliyeolewa mbali. Alipofariki, sala zikabaki mle ndani, na picha yake ikabaki kwenye kioo. Seremala hakuwa akitia kitu mdomoni asubuhi kabla ya kufungua sala moja. Sasa kila akiwasha, vidirisha vinafumuka juu ya uso wa mke wake: michezo ya kamari, wanawake nusu uchi wakimuuliza kama yuko mpweke. Na tangu juzi, baadhi ya sala zilikuwa hazifunguki kabisa.

— Shemeji, nilishakueleza kwenye simu, fundi alisema. Hiki cha safari hii si cha matangazo tu. Kinafunga mafaili, moja baada ya jingine. Nipe ruhusa niingie, nitoe diski, niokoe zilizobaki kwenye mashine yangu, halafu nifute kila kitu nianze upya.

— Ufute!

— Baada ya kuokoa.

— Sauti ya mke wangu ufute!

— Ni sauti ya dada yangu vilevile.

— Usinijibu hivyo.

Kinyozi alikohoa. Kwa kawaida mambo ya kompyuta hayakuwa yake. Yeye alikuwa mtu wa habari za ndoa za watu. Lakini leo alikuwa na la kusema.

— Mimi nadhani ni umeme. Tangu wabadilishe ile nguzo pale, redio yangu inakoroma. Kirusi kinaweza kupita kwenye waya.

— Hakipiti kwenye waya wa umeme, kaka, fundi alisema.

— Wewe umewahi kuwa umeme?

— Wala si umeme, Profesa alidakia. Nimesoma mimi. Wanaouza dawa za virusi ndio wanaozaa virusi. Wana jengo zima, vijana wamejifungia humo, kazi yao ni kutengeneza ugonjwa tu. Wanaangalia kwa satelaiti nyumba ipi ina mtu mmoja, mzee, hajui kitu. Wanaachia.

— Kwa hiyo mimi sijui kitu, alisema Seremala.

— Sikusema wewe, mzee wangu. Satelaiti ndiyo inasema.

— Satelaiti ina macho, inaona mpaka nani kazeeka! Mama Kahawa alisema bila kugeuka. Basi iwaone na wanaokunywa kahawa wakaondoka bila kuaga.

Fundi alifuta jasho kwa mgongo wa mkono.

— Jamani, si satelaiti. Mara zote tatu nimekuta kitu kilekile. Kuna kurasa za kutazama mpira wa bure. Ukizifungua zinakwambia pakua kwanza programu hii ndipo uone picha. Ukikubali, umekiingiza mwenyewe. Mimi nasafisha, naondoka, mtu anafungua tena.

— Mtu gani? Seremala aliuliza.

— Ndicho ninachokuuliza wewe.

— Mimi nitazame mpira? Nina arobaini ya mke wangu haijapoa, nikae nitazame mpira? Jioni naenda kwenye sala, narudi, nalala. Nyumba nzima niko peke yangu. Nikiwa sipo, hawa ndugu zangu wawili wanakaa sebuleni kuniwashia taa, nisirudi kwenye giza. Watu gani wengine wangenifanyia hivyo? Wewe uliyezaliwa tumbo moja na marehemu umewahi kuja kunikalia hata jioni moja?

Fundi alivuta mkanda wa begi lake. Hilo lilimpata.

— Basi mimi nitakwambia kimetoka wapi, Seremala aliendelea. Kimetoka kwenye hiyo flashi yako. Unatembea nayo kwa watu ovyo, nyumba za uchafu, kisha unakuja kuichomeka kwa dada yako. Wewe ndiye unayeleta wale wanawake juu ya uso wake.

— Shemeji, Mungu anakusikia.

— Anisikie! Ndiye ninayemwambia kila siku.

— Eeh, flashi hiyo, Kinyozi alisema haraka. Flashi ni kitu kibaya sana.

— Kibaya mno, Profesa aliunga mkono. Au tuseme lisilosemeka. Mashine nayo ina mazoea. Imezoea mkono wa marehemu. Sasa inagoma. Nimesoma habari ya kompyuta moja, mwenyewe alipokufa ilikataa kuwaka mpaka ikapelekwa kaburini.

Mama Kahawa aliweka birika chini kwa kishindo.

— We baba, koma! Mama wa watu amelala anapolala, unamtia kwenye virusi?

— Natafuta chanzo tu.

— Kitafute kwenye kichwa chako, kimejaa magazeti ya nyama!

Seremala alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alimtazama fundi peke yake.

— Nenda zako. Nitatafuta mtu mwingine.

— Mwingine ataiwasha. Ikiwashwa tena na mtu asiyejua, kitakula hata zilizobaki. Uniache mimi usiniache, lakini ile mashine isiwashwe leo. Hilo tu.

— Nenda, nimesema.

Wakati huo ndipo alipotokea mwanamume mmoja wa makamo, kandambili miguuni, mpangaji mpya wa chumba cha nyuma ya duka. Alisimama kwa adabu kandokando ya jiko.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, aliitikia Seremala peke yake.

— Samahani kuwaingilia. Mechi ya leo mnaangalia wapi?

Kinyozi alianza kukung'uta taulo lisilo na unywele. Profesa alichungulia ndani ya kikombe chake.

— Nauliza kwa sababu jana niliwaona dirishani mkishangilia goli, mgeni aliendelea, akitabasamu. Kwenye ile nyumba yenye mlango wa kuchonga. Niliona haya kubisha hodi. Leo nikasema nijitambulishe mapema.

Seremala hakugeuka kuutazama ule mlango. Aliuchonga yeye.

— Mjibuni mgeni, alisema.

— Mzee, sisi tulikuwa tunakulindia nyumba, Kinyozi alisema. Kukaa kimya saa zote zile, kwenye nyumba ya...

— Kwenye nyumba ya nani? Malizia.

— Kilikuwa kinatokea kitufe tu, alisema Profesa kwa sauti ndogo. Kimeandikwa ruhusu.

— Ukaruhusu.

— Dakika za nyongeza zilikuwa zinaanza, mzee wangu.

— Mtu amesimama hapa mbele yenu nimemtukana, Seremala alisema, na kila neno lilitoka peke yake. Nimemtukania kazi yake. Na nyinyi mnanipa satelaiti. Mnanipa umeme. Mpaka marehemu mmemtaja, ilimradi nisiwatazame nyinyi.

Kinyozi alinyoosha mkono kumshika bega. Seremala aliutazama ule mkono mpaka ukarudi ulikotoka.

Akainuka.

— Twende nyumbani, shemeji.

— Siendi, fundi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. Umeniita mchafu hapa, mtaa unasikia. Kwa dada yangu mwenyewe. Siwezi kuingia mle kwa kupita nyuma ya maneno hayo.

Mama Kahawa aliacha kupuliza. Seremala alivaa kofia yake, akaivua tena, akaishika kwa mikono miwili.

— Nimekukosea, alisema, si kwa kunong'ona. Ulisema kweli, nami nikakushtaki mbele ya walionikosea. Nisamehe, mdogo wa mke wangu.

Fundi alihamishia begi bega la pili.

— Zitakuwa zimebaki nyingi? Seremala alimuuliza.

— Sijui, shemeji. Sitakudanganya. Labda nusu, labda chini yake.

Wakaondoka wakivuka barabara bega kwa bega, mzee akitembea mbiombio kuliko alivyoonekana akitembea tangu mazishi.

Mgeni aliwafuata kwa macho, halafu akawageukia waliobaki.

— Jamani, samahani, aliuliza. Kwani hapa kuna msiba?

Kinyozi alikunja taulo lake. Akaingia dukani.