Kumuaga Karani Mwinyimvua, Aliyeijaza Watu Salale

Baada ya miaka kumi na sita ya kuandika majina ya watu wanaovuka mto Rufiji hapa Ndundu, Mzee Mwinyimvua ataweka kalamu chini tarehe thelathini Septemba 1907, wiki moja kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Asubuhi ya siku hiyo Bwana wa kivuko atasoma hotuba ya Serikali na kumkabidhi cheti. Wasifu huu si hotuba hiyo. Huu ni wetu wafanyakazi, utasomwa baada ya sala ya alasiri Bwana akiwa amelala, na nimeuandika kwa herufi za Kiarabu kwa makusudi. Bwana anajifunza herufi hizo, lakini huu ni mwaka wa pili na bado anagombana na herufi ya tatu.

Mzee alizaliwa milimani, kusini ya mto, katika ukoo wa wakulima wa mtama na wagema mpira. Alisoma chuoni Kibiti, akatoka na mwandiko mzuri na kiburi cha kuwa nao. Alipoajiriwa mwaka 1891, kivuko kilikuwa mitumbwi mitatu na matusi mengi. Kazi yake ilikuwa kuandika nani kavuka na kabeba nini, na kuwatenganisha wapiga kasia wanapokamatana mashati.

Siku yake ya kwanza aliandaliwa wali kwa kamba. Mpishi wetu Mwantum ni mzaliwa wa Salale, kule kwenye mikoko ambako mtu hujua kupiga kasia kabla hajajua kutambaa. Mzee akatazama sahani, akauliza kwa adabu ni nani aliyewakaanga panzi wakubwa namna ile. Sasa, watu wa mto na watu wa mlima ni watani. Mtani ana haki ya kukucheka hata kwenye msiba wa baba yako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mwantum aliitumia haki hiyo kwa miaka kumi na tano bila kupumzika hata Ijumaa. Hakuna mgeni aliyekula hapa kivukoni bila kusimuliwa habari ya panzi.

Mwaka 1903 alikuja Bwana huyu tuliye naye, Mdachi, na akaja na daftari kubwa. Bwana ana imani kwamba nchi haitawaliki mpaka kila mtu ajitambulishe, kwa hiyo kila mvukaji akatakiwa kujibu maswali matano: jina lake, kwao ni wapi, ukoo wake, anapenda kufanya nini akiwa hana kazi, na ana maoni gani juu ya Serikali.

Matatu ya kwanza yalikuwa mepesi, ingawa marefu, maana mtu wa Rufiji akiulizwa ukoo huanzia kwa babu wa babu na kushuka polepole. La nne liliwashinda. Bibi mmoja wa bondeni alijibu kwamba akiwa hana kazi hulala, na akilala huota analima. Mzee akaandika kuwa bibi anapenda kilimo. La tano ndilo lililomfanya Mzee awe fundi. Huseni, mkulima wa Ruaruke, alipoulizwa maoni yake alianza asubuhi na kumaliza jua la utosi: kwamba pamba ya Serikali inakula siku zote za palizi, kwamba mpunga wake umemezwa na majani, kwamba aliyeileta pamba hii laiti angeivuna kwa meno. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akachovya kalamu, akaandika: "Anaijua sana pamba." Hakuwa na nia mbaya. Mwezi uliofuata Bwana alimteua Huseni kuwa msimamizi wa shamba la pamba la Ruaruke. Hadi leo Huseni akimwona Mzee huvukia upande mwingine wa njia.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, tukijitambulisha na kuvuka, mpaka watu wa milimani walipoing'oa pamba.

Hiyo ilikuwa 1905, na vita vilivyofuata kila mmoja wetu anavijua. Amri ikafika kivukoni: mtu yeyote wa milimani asivushwe, afungwe kamba na kupelekwa bomani. Mwaka ule tuliona wengi wakipelekwa bomani. Hatukuona aliyerudi. Amri iliwagusa pia watumishi, na Mzee, kama mtunza daftari, ndiye aliyetakiwa kuhakiki asili ya kila mtumishi. Alihakiki kwa bidii. Siku hiyo hiyo aliandika ukurasa wake upya, na mtu wa kwanza kuhamia Salale kwa kalamu akawa yeye mwenyewe.

Aliichagua Salale kwa akili ya kazi. Kule hakufikiki ila kwa chombo, na Bwana anawaogopa mamba, mbu, na mtumbwi wowote unaoyumba. Asingekwenda kuhakiki hata angelipwa.

Kisha wakimbizi wa milimani walianza kuja. Kwanza mmoja mmoja, halafu makundi, wanawake na wazee na watoto, mashamba yao yamechomwa na maghala yao yamechomwa. Walifika ng'ambo ya kusini wakiwa na njaa kiasi kwamba wengine hawakuwa na sauti ya kutaja majina. Mzee aliwaandika. Wote walikuwa watu wa Salale. Wote walipenda kuvua kamba. Wote waliiona Serikali kuwa njema, isipokuwa wachache ambao, ili daftari lisichoshe, waliiona kuwa njema sana. Aliandika hivyo akijua kabisa kwamba siku uongo ukigunduliwa atafungwa kamba ile ile pamoja nao. Mwandiko wake haukuharibika. Tulioogopa ni sisi.

Kufikia masika ya 1906, daftari lilionyesha kwamba Salale, yenye nyumba ambazo Mwantum anaweza kuzitaja zote kabla sufuria haijachemka, imetoa watu mia tatu na zaidi, na wote wanatokea upande wa milimani, ambako bila shaka walikwenda kuvua. Bwana hakuona ajabu. Aliona fahari. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba watu wa Salale ni wengi, watiifu na wapenda safari. Wakubwa wakampongeza, wakataka kujua zaidi desturi za watu hao wa mfano. Hapo ndipo Bwana alipoamua kukaa mezani mwenyewe na kuuliza kwa kinywa chake.

Alimwambia Mzee asimame kando. Akamwita Abdala, askari aliyekaa pwani miaka saba na anayejua kila kinacholiwa huku. Na mtu wa kwanza kwenye mstari alikuwa Sijaona, mdogo wake Mzee, tumbo moja, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Walikuwa hawajaonana tangu kabla ya vita. Hakumtazama kaka yake hata mara moja. Kaka mtu naye alikazia macho mtoni, akihesabu mitumbwi, na mitumbwi ilikuwa mitatu.

Sijaona alijibu vizuri, maana majibu yalikwisha pita kwenye mstari kutoka mdomo hadi mdomo. Kwao Salale. Anapenda kuvua kamba. Serikali njema. Bwana akafurahi mno, na kwa furaha ile akamsogezea sahani yake ya mchana, kamba wa kuchemsha na maganda yao, akamwomba ale chakula cha kwao.

Sijaona alikuwa hajawahi kumwona kamba maishani. Alimtazama mdudu yule mwenye sharubu, akasema bismillahi, akamtia mdomoni mzima. Kichwa, sharubu, miguu, ganda. Tulimsikia anavyomtafuna. Mwiba wa kichwani ulimchoma mdomo, damu ikatoka kidogo, akaifuta kwa kanga na kusema ni mtamu, kama wa kwao.

Abdala akakohoa. "Bwana," akasema, "mtu wa Salale humenya kamba. Huyu si wa Salale."

Nataka watakaosikiliza wasifu huu wafikirie hali ya Mwantum wakati ule. Amesimama mlangoni mwa jiko. Kwa miaka kumi na tano amemcheka Mzee kwa kosa dogo kuliko hilo. Sasa dada yake Mzee, mtani wake halali, amemtafuna kamba na sharubu zake mbele ya umati. Utani wa namna hiyo mtu huupata mara moja katika umri wake, na Mwantum hajawahi kuacha utani upite.

Alikuja mpaka mezani na upawa mkononi. "Wee Abdala," akasema, "mie nimezaliwa Salale, mama yangu kazaliwa Salale. Wee umezaliwa wapi hata unifunze kula?" Akachukua kamba, akamtia mdomoni mzima, akamtafuna polepole huku anamkazia macho. Akachukua wa pili. Kisha mpiga kasia mmoja, naye wa kule kule kwenye mikoko, akajongea, akachukua wake na ganda lake. Akafuata mwingine. Tulipita mezani wote, kama watu wanaotoa mkono wa pole. Mimi sina asili ya Salale hata kidogo, na nilikula wawili.

Bwana alifungua daftari lake la elimu na kuandika kwa muda mrefu. Twasikia habari hiyo imepelekwa Ulaya kwa wataalamu, kwamba watu wa Salale hula kamba na maganda, na kwamba ndiyo siri ya meno yao imara. Yeye mwenyewe ameiga, na ufizi unamsumbua. Abdala akarudi kwenye lindo lake. Kama aliamini au aliona haya, sijui. Sijamuuliza, na namshukuru hivyo hivyo.

Sijaona akavushwa. Yeye na wanawe wako Kibiti, wamepata shamba, na mtoto aliyekuwa mgongoni sasa anakimbiza kuku wa watu. Mwantum hakumcheka tena Mzee tangu siku ile, mpaka Mzee akaenda jikoni kumlalamikia kwamba anamfanya ajione mgeni. Nilikuwapo. Walicheka wote wawili, halafu Mwantum akalia, akasingizia moshi.

Mzee amefundisha makarani watatu, hajawahi kupoteza ukurasa, na hakuna mtu aliyefungwa kwa sababu ya mwandiko wake. Hayo Bwana atayasema, isipokuwa la mwisho, ambalo halijui.

Mwezi uliopita Mzee aliomba ruhusa ya siku kumi akatazame kwao. Alirudi siku ya sita. Alisema majani yamefika kifuani na nguruwe wanalala palipokuwa jiko la mama yake. Alisimama njiani akingoja, kama ilivyo desturi ya kwao, mtu atoke amuulize yeye ni nani na ni wa ukoo gani. Alingoja mpaka jua likageuka. Hakutoka mtu.

Juzi alinikabidhi daftari, maana mimi ndiye ninayeshika nafasi yake. Kabla ya kunipa alifungua kurasa za nyuma, ambazo hazijaandikwa, akaniomba niandike mimi kwa kuwa macho yake yamechoka. Akaanza kuwataja wale ambao hawakufika mtoni. Jina, na kwao, na safari hii kwao kulikuwa kwao kweli, kilima kwa kilima. Ukoo wao. Walichopenda: mjomba wake alipenda bao na alikuwa haombi radhi akiiba kete, shangazi alipenda kusuka ukili huku anawasema majirani, kaka yake mkubwa hakupenda kitu ila kukaa. Tuliandika kutwa nzima. Nilipofika kwenye swali la tano nilisita, nikamuuliza niweke nini juu ya Serikali. Alisema niache wazi, kwa sababu hawa maoni yao waliyatoa wenyewe, na yalisikika.

Mzee Mwinyimvua, tunakushukuru kwa kila jina uliloliandika, la kweli na la uongo. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na majirani wasemaji. Kaa salama na watu wako.